Jiko Lililohama

Ardhi ya Sampuana haikuumbwa pamoja na dunia. Ilipangwa baadaye, kwa mikono, na baadhi ya walioipanga bado wanatembea juu yake. Kisiwa chenyewe cha asili ni fungu la mchanga ambalo msikiti na kisima cha maji ya chumvi vimelimaliza. Nyumba zote, mia mbili na ushee, zimesimama baharini, nyingine juu ya miguu ya mikoko, nyingine juu ya mawe. Mtu wa pale akitaka kiwanja hamwendei mkuu wa kijiji. Anasubiri maji yakupwe, anapiga kasia hadi mwambani, anaokota mawe ya matumbawe yaliyokufa, anarudi na kuyashusha mlangoni kwake. Kesho tena. Siku jiwe lake la juu litakapobaki kavu huku maji ya bamvua yamejaa, mahali pale pamepata mwenyewe.

Darwia binti Lahaming alishusha mawe miaka ishirini na saba. Alianza mwanawe wa pili akiwa na miaka mitano, akaendelea hadi mabega yake yakawa mapana kama ya wavuta jarife. Marehemu mumewe, Tamrin, alikuwa akimcheka. "Mke wangu, unawajengea samaki makaburi," alikuwa akisema, kisha anavua shati na kumsaidia. Wengine walichokonoa mawe mabichi, yenye uhai, kwa mtaimbo, mpaka maofisa wakaja na boti kukataza. Darwia hakukatazwa kitu, kwa sababu hakuwahi kugusa jiwe lenye uhai, na jambo hilo alilisema mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Kiwanja kilipokamilika kilikuwa hatua kumi na nane kwa kumi na mbili, mwisho kabisa wa kijiji, pale ambapo maji ya kijani yanakatika ghafla na kuwa ya buluu nzito. Nyumba yao ya zamani ilikuwa imekwisha kulegea miguu, wakaibomoa wakajenga nyingine ndogo upande wa kijijini. Kiwanja kikabaki wazi. Na katikati ya kiwanja kulikuwa na shimo.

Si shimo la kuchimba. Ni mahali ambapo Darwia hakuweka jiwe hata moja, upana wa mkeka wa watu wawili, kuta zake zimepangwa vizuri kuzunguka, na ndani yake bahari ikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Kila mgeni aliliuliza. Darwia alipenda sana kuulizwa.

Watoto wa Sampuana hawazaliwi peke yao. Mtoto hutangulia, na nduguye humfuata nyuma, lile ambalo wengine huliita kondo la nyuma na kulizika wakasahau. Pale, mtoto ni wa nyumba na nduguye ni wa bahari. Mkunga humwosha yule ndugu kwa heshima, humlaza katika kifuu cha nazi, na humshusha majini kupitia mwanya wa sakafu ya jikoni. Toka siku hiyo wanatunzana. Mtoto akiumwa, mzazi hutupa tambuu na wali kidogo pale chini ya jiko na kumwambia yule wa majini amwombee mwenzake. Kwa hiyo mtu anayepanga mawe lazima aache mwanya. Nani atataka kumtwisha mwanawe mawe kichwani?

Darwia alikuwa na watoto wawili. Mdogo, Sudarlin, alikuwa mvuvi wa miaka thelathini na miwili, mnene, mcheshi, anakaa na mama yake pamoja na mkewe. Mkubwa, Rusmina, alikuwa Tawau, ng'ambo, upande wa Malaysia, kwenye kiwanda cha kufungasha samaki. Alikwenda kwa miezi sita. Akakaa miaka kumi na mmoja. Alibadili viwanda vitano na vyumba visivyohesabika. Mara tatu alipiga simu kusema begi amelifunga kamba, anarudi, na mara tatu kamba ile alilala nayo bila kupanda meli. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa hatulii tu. Kila Ijumaa Darwia alimtupia ndugu wa Rusmina tambuu pale shimoni, akamnong'oneza, "Mvute kidogo, baba. Mvute."

Ndipo alipokuja Bwana Gunardi, au Pak Gunardi kama walivyomwita pale.

Alishuka kwenye boti ya siku ya soko, mtu wa mji wa Surabaya, wa makamo, kofia ya ukindu na tepu ya kupimia kiunoni kama upanga. Alipanga chumba kwa mkuu wa kijiji. Siku ya kwanza alizunguka akigonga mawe ya viwanja vya watu kwa nyundo ndogo. Alipofika kwa Darwia aligonga mara moja, akasimama, akagonga tena.

Darwia alikuwa kibarazani anakamua muhogo wa kupikia kasuami, chakula chao cha kila siku. Alimtazama kwa hamu. Alikuwa hajawahi kuona mtu akibisha hodi kwenye jiwe.

"Linakujibu?" akamuuliza.

Pak Gunardi akacheka, akamwita Ibu, yaani mama, kwa heshima. "Linanijibu vizuri, Ibu. Nani aliyeyapanga haya?"

"Unayemtazama."

"Wewe na mume wako?"

"Mume wangu alikuwa akicheka. Mimi nilikuwa nikipanga."

Akakaribishwa kahawa na ndizi za kukaanga, akaeleza shida yake. Alitaka kujenga nyumba ya wageni, vyumba vitano vya mbao, kwa wale watu wanaolipa nauli kubwa kuja kuzama kutazama samaki. Ametembea visiwa saba. Kwingine kote mawe yamerundikwa tu, ukiweka nguzo yanahama. Haya ya Darwia yameshikana. Alitaka kukodi kwa miaka ishirini na tano, na kiasi alichokitaja kilimfanya Sudarlin, aliyekuwa akishona wavu pembeni, ajichome kidole.

"Wanakuja kuwatazama samaki?" Darwia akauliza. "Hawawali?"

"Wanatazama tu, Ibu."

"Na wakishawatazama?"

"Wanapanda juu, wanakula, kesho wanawatazama tena."

Darwia alilitafakari jambo hilo siku nzima. Jioni alimpigia Rusmina amsimulie, na Rusmina akauliza jambo moja tu: hao wageni watapikiwa na nani?

"Hajasema."

"Mwambie yupo mpishi. Mama, akijenga, narudi. Safari hii kweli. Nimechoka kufungasha samaki nisiowaona macho yao."

Sasa, mwenzangu, mpime Darwia hapo. Mawe aliyoyapanga maisha yake yote, ambayo watu waliyaita makaburi ya samaki, ndiyo yangemrudisha binti yake nyumbani. Kesho yake alimwita Pak Gunardi kabla hajanywa chai.

Akaja na ramani. Akaitandaza juu ya kiwanja, akaibana kwa mawe pembeni. Vyumba huku, jiko huku, na pale upande wa maji ya buluu, tangi kubwa la saruji la kukingia maji ya mvua, kwani Sampuana haina maji matamu ila ya madumu kutoka kisiwa kikubwa. Na hapa katikati, akasema akielekeza kalamu kwenye shimo, tutamwaga zege.

"Hapo hapamwagwi hata chai," Darwia akasema.

Akamweleza. Pak Gunardi alivua kofia akasikiliza. Hakucheka, na Darwia akalitia hilo akilini. Mtu yule alichuchumaa akachungulia shimoni kwa muda mrefu. Kulikuwa na samaki wadogo wenye mistari, wamesimama dhidi ya mkondo bila kwenda popote.

"Basi libaki," akasema mwishowe. "Nitaliwekea ukuta mfupi, liwe katikati ya ukumbi. Wageni watalipenda. Lakini Ibu, nguzo zangu zitapita karibu sana, na zikishasimama hazisogei. Ni hapa hasa? Jiko lilikuwa hapa tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Nyumba haikuwahi kusogezwa?"

Ieleweke kwamba Darwia alikuwa na sifa moja kijijini iliyozidi hata mawe yake: kukumbuka. Alijua ndoa ya nani ilifungwa mwaka gani, na ni nani hakuletewa wali. Watu wakibishana walimwendea yeye. Kwa hiyo swali lile lilimchoma. Ilikuwa kama kumuuliza fundi kama ana nyundo.

"Mimi sisahau, Pak," akasema.

Lakini swali liliingia kama mwiba wa tasi, ambao ukiingia haurudi. Alikwenda kuosha vyombo, akasimama na sahani mkononi. Aliiona nyumba ya zamani ikitembea.

Ndiyo, ilitembea. Mwaka wa dhoruba kubwa ya magharibi, Rusmina akiwa wa miezi miwili, mawimbi yalivunja nguzo zote za upande wa buluu. Watu wakafanya kama wafanyavyo siku zote. Wanaume arobaini waliingia majini hadi kifuani, wakapitisha miti chini ya sakafu, mmoja akapiga ukelele wa kupatanisha pumzi, wakainyanyua nyumba nzima na paa lake na masufuria yake yananing'inia, wakaisogeza pima nne kuelekea kijijini. Jioni ile ile Darwia alipika katika jiko lile lile. Moto ule ule, sakafu ile ile, mwanya ule ule. Sudarlin alizaliwa miaka minne baadaye, na nduguye akashushwa pale pale chini ya jiko.

Pale pale. Alipoanza kupanga mawe, wote walisema, acha chini ya jiko. Akaacha chini ya jiko. Hakuna aliyefikiri kwamba jiko lilikuwa limehama, kwa sababu unapokaa ndani ya nyumba haihami, ni bahari ndiyo inayosogea.

Asubuhi akatia mtumbwi majini akaenda kwa Mbo Intang.

Mbo Intang ndiye aliyewapokea watoto wote wa Sampuana waliozidi miaka ishirini. Mbo ni nyanya, na yeye alikuwa nyanya wa kijiji kizima. Alikuwa amepofuka jicho moja, hana jino, na ulimi wake haukupata kuzeeka.

"Karibu," akasema alipomsikia akifunga mtumbwi. "Umekuja kuniuliza nakufa lini? Sijapangiwa bado."

"Mbo, nimekuja kwa Rusmina. Ulimshusha wapi nduguye?"

"Chini ya jiko. Ulitaka nimshushe chini ya msikiti?"

"Jiko la wapi, Mbo? La kabla ya dhoruba au la baada?"

Yule bibi akatafuna tambuu yake kwa ufizi. Kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika.

"La kabla. Nakumbuka, kwa sababu nilipoinama mwanyani niliona nguzo ya msikiti, imenyooka, safi. Nikasema huyu mtoto ana bahati. Alipozaliwa huyu mwingine, mnene wako, nikainama nikaona nini? Choo cha Haji Semmang, na Haji mwenyewe ndani! Hukumbuki? Niliwaambia jiko hili sasa lina sura mbaya. Mlicheka mpaka kitovu nikakikata nikiwa natetemeka."

Darwia alikumbuka. Alikumbuka kicheko chote, hata rangi ya kitambaa alichokuwa amekishika. Maana yake ndiyo aliyokuwa hajawahi kuigeuza upande wa pili.

"Mbo, miaka ishirini na saba umeniona napanga mawe. Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Wewe ulikuwa unajua kila kitu."

Safari ya kurudi ilikuwa fupi ila Darwia aliipiga kasia kwa muda mrefu. Pima nne kutoka shimoni, kuelekea maji ya buluu. Hakuhitaji tepu. Aliijua ile ramani. Pima nne kuelekea maji ya buluu ndipo lilipo tangi.

Alimweleza Sudarlin wakati wa kula. Sudarlin aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo ndugu yangu mimi ndiye aliyekuwa anapumua miaka yote hii," akasema polepole, "na wa Rusmina amekaliwa na mawe?"

"Ndiyo."

"Na tambuu zote za kila Ijumaa?"

"Zimeliwa na wako."

"Ndiyo maana nimenenepa!" Akacheka peke yake, kisha akaona uso wa mama yake akaacha. "Sasa sikiliza, Mama. Anayejua ni wewe na Mbo Intang, na Mbo Intang ana mguu mmoja kaburini. Nyamaza. Pak Gunardi ajenge. Rusmina arudi. Si ndicho unachokitaka? Ukimwambia kuna shimo la pili chini ya tangi lake, anapanda boti anaondoka, na Rusmina habanduki Tawau."

"Nikinyamaza anaweka tangi la saruji juu ya kichwa cha nduguye. Arudi hapa, alale hapa, apike hapa, juu yake tangi."

"Hatajua."

"Nani hatajua? Ameondoka miaka kumi na mmoja hatulii, na hajui. Mwili ndio unaojua."

Sudarlin akamaliza samaki wake kwa hasira.

Darwia alijifunga ukaya mpya kichwani, akaenda mwenyewe hadi kwa mkuu wa kijiji, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtu yeyote kutoka mjini. Pak Gunardi alikuwa akiandika mkataba.

"Pak, juzi nilikuambia mimi sisahau."

"Naam, Ibu."

"Nimesahau." Akaeleza, amesimama, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Hakukata hata sehemu ya choo cha Haji.

Pak Gunardi aliweka kalamu chini. "Ibu, juzi lilikuwa shimo moja, leo mawili. Kesho je?"

"Nina watoto wawili tu."

Mkuu wa kijiji alikohoa ili asicheke. Lakini Pak Gunardi alikuwa anaitazama ramani yake kwa huzuni ya kweli. Tangi halikuwa na pa kwenda. Likija kati, vyumba havitoshi. Likienda upande wa kijijini, mawe ya pale ni mapya, hayajashikana. Na kuna mwenzake Surabaya aliyetia fedha, naye hataki kusikia habari za vifuu vya nazi. Akauliza kama haiwezekani kumwomba ruhusa yule wa majini, wakamfanyia sadaka.

"Inawezekana," Darwia akasema. "Wewe ungeruhusu?"

Siku ya soko ilipofika Pak Gunardi alipanda boti na tepu yake na ramani imekunjwa kwapani. Alisema atapiga simu. Kila mtu Sampuana anajua maana ya mtu wa mjini kusema atapiga simu.

Maneno yalimfuata Darwia hadi foleni ya madumu. "Mwenzetu amekalia dhahabu anatafuta kifuu," mmoja akasema. "Mwache," mwingine akajibu, "ndiye yule asiyesahau." Hilo la pili ndilo lililomuuma. Sudarlin naye alimnunia. Kwa Rusmina, Darwia alisema tu kwamba bwana mkubwa anafikiria, na Rusmina akasema, "Haya, Mama," kwa sauti ya mtu anayefungua tena begi.

Bamvua ya mwezi huo ilikuwa kubwa. Maji yalikupwa hadi mwamba wote ukawa nje, unanuka mwani. Darwia alifunga kanga kiunoni, akapima pima nne kwa mikono yake mwenyewe iliyonyooshwa, akang'oa jiwe la kwanza. Likawa gumu kutoka. Alikuwa amelipanga vizuri mno.

Aling'oa tangu asubuhi. Mawe mengine aliyatambua. Hili lililofanana na ubongo alilileta mwaka aliofariki mama yake. Hili bapa, Tamrin alilala juu yake mtumbwini akaimba mpaka nyumbani. Ni jambo la ajabu kujenga kitu kwa miaka ishirini na saba kisha kukisoma kwa kurudi nyuma. Hakuwa amewahi kujua kwamba ukuta wake una habari ndani yake. Kufikia adhuhuri alikuwa amefika kiunoni, na alikuwa hana haraka tena. Alitaka kuona kilichokuwa chini.

Kivuli kikamwangukia.

"Umeanzia kona mbaya," Sudarlin akasema. "Utajiangushia ukuta wote."

"Si umeninunia?"

"Bado nimenuna. Sogea."

Wakafanya kazi pamoja, siku tatu, kila maji yakikupwa. Siku ya tatu mtaimbo wa Sudarlin haukulia jiwe. Ulilia mti. Wakaondoa kwa mikono. Ilikuwa nguzo ya mkoko, imekatika kimo cha paja, nyeusi, bado ngumu kama chuma, mawe yalikuwa yameihifadhi. Hatua mbili kutoka pale ikatokea ya pili, ikaegemea. Miguu ya nyumba iliyovunjwa na dhoruba. Darwia alipiga magoti mchangani akapapasa nguzo ya kwanza kuizunguka. Upande wa ndani kulikuwa na mfereji, umechimbika kwa msuguano, ambao si wa mawimbi.

"Kamba ya kuvutia," akasema. "Mbo Intang aliifunga hapa, ikapanda kupitia sakafuni, nikaishika. Nilivuta usiku mzima na mchana nusu. Rusmina hakutaka kutoka."

"Hakutaka kutoka, na sasa hataki kurudi," Sudarlin akasema. "Mbishi tangu tumboni."

Hapakuwa na kifuu. Hawakukitarajia. Palikuwa na mchanga mweupe, na katikati ya mchanga, maji yakichemka kidogo kidogo kutoka chini, bahari inapitisha kidole kabla ya kuingia mwili mzima. Walipanda juu wakakaa ukingoni. Maji yakaja. Yalizunguka nguzo, yakajaa, yakatulia. Darwia alitupa tambuu na hakumwambia yule wa majini amvute mtu. Alimwomba radhi tu.

Alimpigia Rusmina akamweleza yote, la shimo, la Mbo Intang, na kwamba Pak Gunardi ameondoka na huenda harudi, na kwamba ni yeye mama yake aliyemharibia. Alitegemea kilio. Rusmina akaanza maswali. Nguzo zina urefu gani? Huo mfereji, kidole kinaingia? Maji yanafika yenyewe au mpaka bamvua? Samaki wameshaingia?

"Mmoja tu. Ana mistari."

"Ametoka shimo lile jingine?"

"Nitajuaje, mwanangu? Sikumuuliza."

Boti ya soko ya wiki ya tano ilimleta Pak Gunardi, bila kupiga simu. Hakwenda kwa mkuu wa kijiji. Alikuja moja kwa moja kiwanjani na viatu mkononi, akasimama kwenye shimo jipya.

"Nilimpigia mama yangu," akasema, kana kwamba wapo katikati ya mazungumzo. "Yuko Blitar, ana miaka themanini. Nikamuuliza kondo langu lilizikwa wapi. Sisi huwa tunazika kwenye chungu, pembeni ya mlango, tunaliwashia taa siku thelathini na tano. Mama akasema kushoto kwa mlango, chini ya mpera. Ile nyumba niliiuza mimi, Ibu. Miaka kumi na miwili sasa. Nikaenda kuangalia."

"Ukaona nini?"

"Duka la simu. Pale kushoto kwa mlango wameweka mashine ya barafu." Alichuchumaa. "Nilisimama pale, yule kijana wa dukani akaniuliza nanunua nini. Nikanunua barafu."

Darwia alimtengenezea kahawa. Hakujua la kumpa zaidi.

Mwenzake wa Surabaya alikuwa amejitoa. Kwa hiyo itakuwa vyumba vitatu, si vitano, na miaka kumi na miwili, na kiasi kidogo kuliko kile cha kwanza kwa mbali. Tangi hakuna, kila paa litakinga maji yake kwenye mapipa. Wakatia dole gumba na sahihi mbele ya mkuu wa kijiji na Haji Semmang, ambaye aliombwa awe shahidi na hakuambiwa kwa nini watu wanacheka.

Rusmina alifika siku nne kabla ya mkataba huo, kwa hiyo hakuna awezaye kusema ni mkataba uliomleta. Alisema amekuja kutazama tu. Wiki moja. Kazi inamsubiri. Alikuwa amekonda, amekata nywele, na begi lake lilikuwa limefungwa kamba ileile ya manila ya safari zote tatu ambazo hakusafiri. Aliliacha mlangoni bila kulifungua, akashuka shimoni maji yakiwa magotini, akaishika nguzo, akaingiza kidole kwenye ule mfereji. Kilienea.

Wiki ikapita. Kisha ya pili. Mbao za Pak Gunardi zikaanza kushushwa, na Sudarlin, akikosa cha kufungia mtumbwi, akaichukua ile kamba ya manila. Hakuna aliyeidai.

Jioni moja, maji yakiwa yamekupwa, Rusmina alikuwa akizunguka kiwanja anahesabu hatua, mkono nyuma, kama mkaguzi. Akasimama kwenye kona ya upande wa msikiti.

"Mama, jiwe la kwanza kabisa, uliliweka wapi? Hapa?"

Darwia alifungua kinywa. Alilijua jibu. Alikuwa amelijibu mbele ya watu mara mia. Akakifunga tena, akafuta mikono kwenye kanga, akatafuta kasia kwa macho.

"Ngoja kwanza," akasema. "Twende tukamuulize Mbo Intang."